Mbio za mchangani Shela hadi Kipungani: mtoto akimbie safari nzima na wazazi wake?

Mwenye mada, Shela

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naleta jambo hili mapema, kabla karatasi za kujiandikisha hazijachapishwa. Vijana wetu wanapanga mbio za mchangani hapa kisiwani Amu (Lamu): kuanzia Shela, kufuata ufuo wote wa kilomita 12 mpaka upande wa Kipungani, na wanaotaka masafa marefu warudi mjini kwa njia ya punda ya Matondoni. Naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini juzi baada ya Isha, pale barazani, likazuka swali: baba, mama na mtoto wa miaka minane au tisa wakitaka kukimbia pamoja mwanzo hadi mwisho, waandikishwe? Tuligawanyika mpaka kahawa ikapoa.

Waliosema ndiyo walileta mfano wa familia moja ya Kentucky, Marekani. Mwaka 2018 wazazi hao na watoto wao 6 waliitembea Njia ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,500 za milima na misitu, na yule mdogo alikuwa na miaka 2, akibebwa. Mei 2022 mdogo huyo, wakati huo ana miaka 6, akamaliza nao marathoni (kilomita 42) ya Flying Pig mjini Cincinnati kwa saa 8 na dakika 35. Umri wa kuandikishwa ulikuwa miaka 18. Waandaaji wakampa ruhusa ya pekee.

Mimi nasema safari zile mbili si kitu kimoja, ingawa miguu ni ile ile. Kwenye Appalachian walikuwa na miezi. Watu wakichoka, hema linatandikwa, kesho nayo siku. Cincinnati kulikuwa na utepe wa kumalizia na saa inayohesabu. Baba mwenyewe aliandika kwamba kuelekea mwisho mtoto alikuwa akilia na akitaka kukaa kila baada ya dakika tatu, wakamwahidi krispi za Pringles ili aendelee. Kara Goucher, mkimbiaji wa Marekani aliyeshiriki Olimpiki mara mbili, akajibu kwamba mtoto wa miaka 6 hajui kuwa ana haki ya kusimama. Neno hilo limenikaa kifuani, na nitawaambia kwa nini.

Mwaka jana nilitoka na binti yangu wa miaka tisa alfajiri, maji yametoka, mchanga mgumu kama sakafu ya chokaa. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata siku nyingi. Tulipofika mbali, hotelini hakuonekani tena, nikaona anakanyaga kwa ubavu wa mguu. Nikamkalisha, nikamvua kiatu, nikaikunja soksi polepole. Mchanga mbichi ulikuwa umeganda ndani kama ugali chini ya sufuria, na ngozi ya kisigino imeinuka yote, chini yake pekundu. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akaniambia, "Nilikuwa nangoja uchoke wewe, baba."

Nilimbeba mgongoni kurudi. Jua lilikuwa limeshapanda na maji yanajaa, ule mchanga mgumu umezama, imebaki sehemu ya juu inayomeza mguu hadi kifundoni.

Ndiyo maana sitaki kujadili kilomita tu. Nauliza: mtoto wa namna hii, anayempenda mzazi wake kiasi hicho, nani atamsikia akichoka? Karibuni.

Mama Langoni

Kaka, pole na mpe pole binti. Lakini nina neno, na naomba lisichukuliwe juu juu. Mimi nakimbia alfajiri na binti yangu wa miaka 11, kutoka Wiyoni mpaka karibu na Shela na kurudi. Sina dada wa kazi, mume yuko baharini. Siku mtakayoandika "watoto hawaruhusiwi", mimi pia mmeniandika hapo hapo, kwa sababu sina pa kumwacha. Mtoto wa kiume akizuiwa mbio atacheza mpira uwanjani mpaka magharibi, hakuna atakayemuuliza. Binti yangu uwanja wake ni mimi.

Halafu tusijifanye kama watoto wa Amu hawajui kutembea. Tulikwenda Matondoni harusini kwa miguu, tukarudi usiku tumelala nusu, na hatukufa.

Mwalimu wa michezo, Malindi

Mama Langoni, mlipokwenda harusini mlitembea, mkala, mkapumzika, mkarudi. Hiyo ndiyo tofauti anayoisema mwenye mada.

Mimi huwapeleka wanafunzi Arabuko-Sokoke, kwenye njia za msituni kule Gede. Huko kuna kivuli na kila baada ya muda tunasimama, tunahesabu vichwa, tunakunywa maji. Kuna mambo mawili nayachunga. La kwanza ni mifupa: kwenye ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu laini ambayo ndiyo inayorefuka, na kupigwa pigwa kitu kimoja kwa saa nyingi huiumiza kabla mfupa wenyewe haujaumia. La pili ni joto. Mtoto akikimbia hutoa joto jingi kuliko sisi kwa kila kilo ya mwili wake, na jasho lake ni dogo. Niwe mkweli, madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2011 walilegeza onyo lao la zamani: mtoto akipata maji na mapumziko ya kutosha, anavumilia joto karibu sawa na mtu mzima. Lakini someni sharti lenyewe. Maji na mapumziko. Kwenye ufuo wenu atayapata wapi?

Na wanaosema tunaua vipaji: Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, lakini marathoni yake ya kwanza ilikuwa Hamburg mwaka 2013, ana miaka 28. Marathoni ya London haichukui aliye chini ya miaka 18, mbio ndefu za Comrades za Afrika Kusini zinataka miaka 20. Kwenye marathoni ya Lewa, hapa hapa Kenya, watoto wana mbio zao za kilomita 5. Wafanyieni za kilomita 3, Shela kwenda na kurudi, yaishe.

Mpita Njia, Mkomani

Yaishe vipi? Mwalimu, kilomita 3 Shela ni mchezo wa baada ya madrasa. Familia inayotaka kukimbia pamoja inataka ile safari, kule ambako hakuna nyumba wala sauti ila mawimbi. Mzazi ndiye mlezi. Kamati ya mbio haikumzaa mtoto.

Mwenye mada, Shela

Ndugu Mpita Njia, hata mimi nilimzaa, na bado sikumwona mpaka nilipovua soksi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Haikusema isipokuwa babake akiwa na furaha.

India walifika mbali zaidi. Mwaka 2006 mtoto wa miaka minne, Budhia Singh, alikimbizwa kilomita 65 kati ya Puri na Bhubaneswar, watu wakishangilia njia nzima. Serikali ikaja kumzuia baadaye. Zile kelele za njiani ndizo zinazoniogopesha. Hapo kila mtu anampenda mtoto, na hakuna anayemuuliza.

Baharia wa Kipungani

Niseme la bahari kidogo, maana naona mnapanga kama vile ufuo ni barabara. Ukichoka barabarani unaita boda. Ukiupita ule mwanzo wa Shela, ukichoka umechokea hapo. Mtasema mashua ifuate pembeni. Upande ule unatazama bahari kuu, na msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, mawimbi yanavunjika mpaka ufuoni, hakuna nahodha mwenye akili atakayeleta chombo kumpakia mtoto. Na mkichagua siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) mjue maji yakirudi yanakula ufuo wote, mnabaki kupanda vilima vya mchanga.

Dawa ni punda. Wekeni punda kila kilomita 3, na mwenyewe, dumu la maji na turubai ya kivuli. Mtoto akikaa chini, anapandishwa, hakuna mjadala.

Na tukiwa kwenye punda: hapa Amu tangu 1987 kuna kliniki ya punda. Ukimpakia mizigo kupita kiasi, ukimwendesha na kidonda, unaambiwa usoni, kwa kuwa punda hawezi kusema. Mtoto wa mwenye mada naye hakusema.

Mama Langoni

Baharia umenifungua macho. Basi mimi nashusha sauti. Nikubalieni niingie na binti yangu bila namba ya kifuani kwake, bila saa, na yeye awe mbele yangu, mimi nimfuate kwa mwendo wake. Akimwona punda akataka kupanda, apande, na mimi niendelee kwa miguu pembeni. Hapo nani amepoteza?

Mpita Njia, Mkomani

Na medali? Atafika Kipungani juu ya punda, huku wenzake wanapewa medali?

Mwenye mada, Shela

Asipewe, na wala asipewe anayefika kwa miguu yake akiwa na umri huo. Medali ndiyo Pringles yenyewe. Wote wapewe dafu na samaki wa kukaanga, kwa pamoja, mkekani.

Nimeandika haya kuipelekea kamati: walio chini ya miaka 12 hawana namba wala saa, wanatangulia mbele ya mzazi, wanaondoka mara baada ya Alfajiri siku ambayo maji yanatoka asubuhi, si siku ya bamvua, mwenye punda ndiye mwenye neno la mwisho, si mzazi. Hilo la mwisho najua litawauma wengi, mimi nikiwa wa kwanza. Binti yangu nimemsomea, akauliza kama punda atakuwa na jina.

Tunahitaji punda watatu na wenyewe wanaojua watoto. Baharia, wewe mmoja tayari. Wengine semeni.