Midomo inawahi sauti kuanzia dakika ya 31, nirekebishe vipi bila kuharibu picha?

Mtunza_Kumbukumbu
Wakuu, nina video ya simu ya dakika 44, bibi yangu anasimulia alivyoolewa. Nimeiingiza kwenye programu ya kuhariri. Dakika 30 za kwanza hazina shida. Ikifika ya 31, ghafla midomo inatangulia na sauti inafuata nyuma kama sekunde mbili, na inabaki hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwenye taimulaini (ule mstari wa muda wa kuhariria) picha imekwisha, sauti bado ipo.

Kinachonichanganya ni kwamba nikilicheza faili lile lile kwa VLC (programu ya kutazamia video), kila kitu kiko sawa.

Nimejaribu programu ya kugeuza video, nikachagua fremu 60 kwa sekunde (fremu ni zile picha moja moja zinazounda video). Faili limenenepa, uso wa bibi umekuwa kama umepakwa sabuni, na vidole vikisogea vinaacha ukungu. Mimi makunyanzi yake ndiyo ninayoyataka! Kurekodi upya haiwezekani tena.

Kifaru_Mweusi
Weka mradi wako fremu 24 mkuu, itatulia. Halafu inatoka kama sinema.

Fundi_Taimulaini
Hapana, hiyo 24 iache kabisa. Video iliyorekodiwa kwa 30 ukiishusha hadi 24, fremu moja kati ya tano inatupwa, na kila kitu kinachosogea kinaanza kurukaruka. Na tatizo la sauti litabaki palepale.

VLC ikiicheza vizuri maana yake faili ni zima, usimnyweshe dawa asiye mgonjwa. Kila fremu ndani ya faili ina muhuri wake wa muda. VLC inaufuata. Programu yako ya kuhariri, nahisi, haiutazami: inahesabu fremu 30, inasema hiyo ni sekunde moja, inaendelea. Simu ikirekodi chini ya 30 mahali fulani, hesabu inaharibika hapo.

Kama sauti ingekuwa inaachwa kidogo kidogo tangu mwanzo, ningeshuku fremu 29.97 kwa sekunde zilizosomwa kama 30 (deni tuliloachiwa na televisheni ya rangi ya Marekani mwaka 1953). Hiyo ni sekunde 3.6 kwa saa nzima, na unaweza kuitibu kwa kubadilisha mihuri tu, picha isiguswe. Lakini yako imeruka kwa mkupuo. Ifungue kwa MediaInfo (programu inayoonyesha taarifa za faili), uone kama kasi ya fremu ni thabiti au inabadilika. Na utuambie, dakika ya 31 kulitokea nini? Mwanga ulipungua?

Mtunza_Kumbukumbu
Duh. Inabadilika: ya chini 24, ya juu 30. Na ni kweli, mtoto wa dada yangu alisimama dirishani akaziba mwanga wote. Sekunde kumi hivi, mpaka bibi akamfukuza.

Fundi_Taimulaini
Basi mwizi kapatikana. Kukiwa na giza simu hupunguza fremu ili kila moja ipate muda zaidi wa kunasa mwanga. Fremu sita pungufu kila sekunde, kwa sekunde kumi, ni 60. Programu yako inazihesabu kama sekunde mbili, zile zile ulizozipoteza.

Njia ya kwanza ni kutengeneza nakala yenye kasi thabiti kwa ffmpeg (programu ya kugeuza video kwa kuandika amri), mara moja tu, kutoka faili la asili la simu na si lile la sabuni:

`ffmpeg -i bibi.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy bibi_30.mp4`

Hapa inajaza zilizopungua kwa kurudia fremu zilizopo, haibuni mpya. Sauti haiguswi. Kwa crf 16 (kipimo cha ubora: namba ikishuka, ubora unapanda na faili linanenepa) sidhani jicho lako litaona tofauti. Ukiwa na nafasi kwenye diski unaweza kwenda crf 0, ila baadhi ya programu za kuhariri hazifungui faili la namna hiyo.

Njia ya pili, ambayo ningeipenda kwako kwa kuwa tatizo liko sehemu moja: tenganisha sauti na picha, kisha kata kile kipande cha giza peke yake. Kwenye taimulaini kitakuwa na sekunde 8. Kipe kasi ya asilimia 80, kitarudi kuwa 10, na vyote vinavyofuata vitasogea mahali pake. Programu ikikuuliza ijaze vipi, chagua kurudia fremu. Zile za kubuniwa ndizo zilizomtia ukungu kwenye vidole.

Mtunza_Kumbukumbu
Nimefanya ya pili. Kazi ilikuwa kujua kipande kinaanzia wapi. Nilitafuta kivuli kinapoingia begani kwake, nikakosea mara mbili. Sasa midomo imekaa mpaka mwisho. Anapogeuza kichwa kumfukuza mtoto picha inashikwa na kigugumizi kidogo. Nimekiacha.

Kifaru_Mweusi
Kumbe. Ngoja nikazitazame tena za kwangu.