Mwanafunzi anawahi kumaliza hesabu kila siku, nimpe nini?

Mwl_Newala
Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha hisabati la tano huku Newala, darasa limejaa kweli. Kuna binti nikiandika maswali kumi ubaoni, kabla sijafika la mwisho yeye kashafanya la saba na yote kapata, halafu anaanza kuchorachora daftari na kuongelesha wenzie. Nikimwongezea kumi mengine anafanya ila naona anapoa, kama namuadhibu kwa kuwahi. Wazazi ni wakulima wa korosho, tuisheni hakuna. Nimfanyeje wakati wengine bado wanahangaika na kugawanya?

Koroshosafi
Mwache awafundishe wenzie, watoto wanaelewana. Na umuandae kwa sekondari za vipaji maalumu, Kilakala au Tabora Girls.

Mwl_Masasi
Kuwafundisha wenzie mara mojamoja sawa, siyo kila kipindi, na yeye kaja shule kujifunza. Vipaji maalumu ni nzuri ila mpaka amalize msingi hapo katikati anakula nini?

Mie kabla ya kuanza mada nampa mtoto kama huyo maswali ya mwisho wa mada, akiyapata simrudishi kwenye mazoezi ya mwanzo. Halafu natafuta swali moja la darasa zima lenye kina. Mfano, mama analima bustani ya mchicha ya mstatili, eneo mita za mraba 36, uzio ni ghali, bustani iweje ili uzio uwe mfupi? Anayehangaika atapata 4 kwa 9, mzingo 26, keshafanya mazoezi ya kuzidisha na kujumlisha bila kujijua. Wa kati atafika 6 kwa 6, mzingo 24. Huyo binti sasa muulize kwa nini mraba ndo umeshinda, na je uzio ukiwa mita 36 eneo kubwa kabisa ni ngapi, na upande mmoja ukiwa ukuta wa nyumba usiohitaji uzio jibu linabaki lilelile? Hapo hachori tena daftari, nakwambia.

MamaLindi
Na siyo hesabu tu jamani. Huku kwetu Lindi kuna kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria 1909 mpaka 1913, dinosaria mmoja mkubwa mifupa yake imeunganishwa na kusimamishwa makumbusho ya Berlin. Msomaji mzuri muulize mifupa mizito vile ilifikaje bandarini Lindi, atakuta ni wapagazi wetu waliibeba, kisha aandike mifupa irudi au ibaki na atoe sababu. Mwanangu alikesha na hilo swali.

Mwl_Newala
Asanteni sana, la bustani naanza nalo Jumatatu. Ila wathibiti ubora wa shule wakija kukagua na kukuta daftari lake halina mazoezi kama ya wenzie?

Mwl_Masasi
Bandika ule mtihani wa mada aliofanya mwanzo kwenye daftari, weka tarehe na saini, na kwenye andalio la somo andika kazi ya ziada aliyopewa. Wakiuliza unawaonyesha.