Nimekulia kambi ya polisi, nikiulizwa kabila nakwama. Kuna kikundi cha kuongea haya mambo?

Araali_wa_kambi
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi nko Kampala, miaka 26, nimezaliwa kambi ya polisi na nikakulia humo humo. Baba Mlugbara wa Arua, mama Mtoro wa Fort Portal, nyumbani Kiswahili tu maana ndo lugha waliyokutana nayo, na watoto wa kambi wote tulicheza kwa Kiswahili, Mteso, Mwacholi, Mnyankole, nani alikuwa anajali.

Shida imeanza mwaka jana baba alipofariki. Tukampeleka kijijini, nikaambiwa mimi kifungua mimba niseme neno, nikasimama pale udongo ukiwa bado mbichi nikaongea Kiswahili, sababu ndicho nilichoongea na baba maisha yote. Vijana wakaanza kucheka chini chini alafu baba mdogo akauliza kwa sauti, "huyu anamzika babake ama amekuja kutukamata?" Watu wakaangua kicheko, maana kwao Kiswahili ni cha polisi na jeshi. Msibani!

Tangu siku hiyo silali vizuri, simu za Arua sipokei, mtu akiniuliza tu kwenu wapi moyo unaenda mbio. Kwa mama wananipenda ila ni mtoto wa Mlugbara. Bibi peke yake ndo ananiita Araali, empaako, jina la upendo la Kitoro, alonipa mwenyewe, akiniita hivo nasikia niko kwetu kwa dakika mbili. Vidonge sitaki, nataka kukaa na watu waliopitia hivi. Ama nijikaze tu?

binti_bombo
Pole sana kaka. Mimi Mnubi, hiyo ya "kwenu wapi" nimeila tangu praimari. Babu zetu ni wale askari wa Kisudani wa gavana Emin Pasha ambao Mwingereza Lugard aliwachukua 1891, na Katiba ya 1995 inatutaja kabisa kwenye makabila yaliyokuwepo hapa tarehe 1 Februari 1926. Lakini ongea Kinubi kwenye teksi uone, utaulizwa Sudan unarudi lini.

Sisi wasichana saba tunakaa kila Jumamosi kwa mmoja wetu, chai na mandazi basi. Mwanzo ilitushinda, kila mtu akisimulia mwingine anadakia "hiyo ndogo, mimi yangu…", ikawa mashindano ya machozi. Tukaweka sheria, mtu akimaliza kusema hakuna kuleta yako mpaka aulizwe amesikiaje.

Okello256
Sasa hii nayo ni ugonjwa? Jifunze Kilugbara miezi sita yaishe. Tumefundishwa na wazungu kulia lia.

dada_wa_VHT
Okello banange, pole pole. Mimi ni wa VHT, wahudumu wa afya wa kijijini. Watafiti wa nje walikuja Masaka na Rakai kweli, kuchunguza ugonjwa wa huzuni, ila maneno waliyakuta huku, watu wa kule wenyewe walikuwa na *okwekyawa*, kujichukia, na *okwekubagiza*, kujihurumia. Wakachukua vijiji 30, vingine wakaweka vikundi vingine hapana, wanaume kwao wanawake kwao, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, na walioongoza si madaktari, ni watu wa kawaida waliofunzwa wiki mbili. Matokeo yalitoka 2003, waliokaa kwenye vikundi walipata nafuu kuliko vijiji ambavyo havikuwa navyo.

Araali, kule walikuwa wanauliza ulianza kuumwa lini, kuna aliyekufa, kuna ugomvi, ama maisha yamebadilika? Wewe yote matatu yamekukuta siku moja kaburini. Kwa hiyo ukipata kikundi usianzie "mimi ni nani", utazunguka mwaka mzima. Anzia kile kicheko. Naona hata kumlilia baba hujamlilia.

Na swali la moja kwa moja, usiku mawazo ya kufa yanakuja? Kama yanakuja usingoje kikundi, nenda hospitali ya rufaa au Butabika, ile ya afya ya akili Kampala, leo leo. Kwenda si lazima urudi na vidonge.

mwana_wa_nakivale
Mie Mnyamulenge, Mtutsi wa Kongo, niko Nakivale, kambi ya wakimbizi. Kongo walituambia turudi Rwanda, huku Uganda tunaitwa Bakongo, basi nimechoka nikaitika yote mawili. Kikundi chetu kilianza na watu ishirini hivi, kikageuka mkutano wa siasa, nani alichoma ng'ombe za nani. Tukapunguza tukabaki nane, tukasema habari za vita zinaongelewa kama zilikukuta wewe, si kama ulizisikia redioni. Kuna mzee alinyamaza wiki tano, ya sita akasema jina la mtoto wake, basi, akanyamaza tena. Tulimwacha.

Araali_wa_kambi
Asanteni, nimesoma nikiwa stejini nikapitwa na teksi mbili. Dada wa VHT, hapana, kufa siwazi, nawaza tu kile kicheko. Na ni kweli sijalia. Okello, Kilugbara nilikuwa nimeanza kujifunza kabla ya msiba, baba ndo alikuwa mwalimu.

Okello256
Eh. Hiyo sikujua ssebo. Pole.

binti_bombo
Kaka yangu na wenzake wana chao, Jumapili baada ya mpira, wako sita, wawili ni watoto wa kambi kama wewe. Nimeshamuuliza, amesema uje. Nakuandikia inbox.

Araali_wa_kambi
Nitakuja. Ila wanaongea lugha gani?

binti_bombo
Kiswahili, kwani ulidhani nini? Kuja na sukari, ya mwezi huu imeisha.