Ushauri: Mdogo wangu anacheza kikapu chuo Marekani, hapati dakika, anataka kuhama kiangazi hiki

Kaka_wa_Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa mliocheza au kusoma huko.

Nina mdogo wangu, tumbo moja, miaka 20. Alianzia JMK Park pale Kidongo Chekundu na raba zilizoshonwa mara mbili, leo yupo mwaka wa pili kwenye chuo kimoja Marekani, Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo), majimbo ya katikati kule kwenye baridi. Chuo sikitaji. Urefu futi 6 inchi 9, kilo 98, anacheza ndani karibu na goli, namba 4 na 5 (senta). Msimu wao umeisha mwezi wa tatu. Wastani wa dakika 7 kwa mechi, pointi 2, ribaundi 2 (mipira anayodaka mtupo ukikosa goli), faulo 2. Mitupo huru asilimia 51.

Msimu ulipoisha kocha mkuu kamwita ofisini, kamwambia mambo matatu: aongeze mwili, apunguze faulo, ajifunze kuweka skrini (kusimama kumzibia njia beki wa wapinzani ili mwenzake mwenye mpira apite). Kuhusu kama mwakani atacheza, kimya. Dogo katoka pale kanuna mpaka leo. Sasa anataka kuingia potali ya uhamisho, ile orodha ya mtandaoni ya wachezaji wa vyuo wanaotaka kuhama. Kuna jamaa anampigia WhatsApp, anajiita wakala, anamwambia kipo chuo kitampa dola elfu 80 na nafasi ya kuanza. Juu ya hapo anataka aje nyumbani Juni na Julai, mama hajamwona miaka miwili, na chuo kinataka abaki kwa mazoezi ya kiangazi.

Baba hayupo, kwa hiyo neno la mwisho limeangukia kwangu, na mimi kikapu nakijua cha kutazama. Abaki au ahame? Aje au asije?

Chura_wa_Jangwani

Futi 6 na inchi 9 halafu mnamtafutia timu Marekani? Mleteni Jangwani adake.

Mpemba_Halisi

@Chura_wa_Jangwani mpira wa chini ukipigwa leo, huyo atafika chini kesho.

Sita_Nane_Texas

Kaka wa Mbagala, pole na mzigo. Mimi nilicheza huku, miaka miwili chuo cha miaka miwili hapa Texas, miwili mingine Divisheni ya Pili. Nitakuambia ninayoyajua.

Anza na huyo wakala. Chuo hakiruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa chuo kingine kabla jina lake halijaingia potali, wala kwa kupitia mtu. Kwa hiyo hiyo ofa ama inavunja kanuni, ama haipo. Mwambie dogo amwombe huyo jamaa jina la kocha aliyemtuma. Nakuhakikishia simu itakatika.

Pili, potali siyo kama dirisha la usajili la Simba na Yanga, kwamba usiponunuliwa unarudi kwako kama kawaida. Jina likishaingia, chuo chake kina haki ya kusitisha ufadhili muhula ukiisha na kumpa mtu mwingine nafasi. Tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama mara nyingi bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani, mradi masomo yake yapo sawa. Watu wakafurahi. Matokeo yake kila mwezi wa nne potali inafurika, na makocha wanachukua waliokwisha kucheza. Ukiwa kocha una wachezaji 15 tu wa kusajili, utachukua kijana wa dakika 7 na faulo 2, au yule wa dakika 28 ambaye timu yake imevunjika?

Tatu, masomo. Divisheni ya Kwanza inataka anapoingia mwaka wa tatu awe amemaliza asilimia 40 ya digrii yake. Ukihama, chuo kipya kinaweza kukataa baadhi ya kozi zako. Mimi walinikatalia kozi nne, nikakaa darasani kiangazi kizima narudia hesabu nilizokwisha faulu huku wenzangu wapo jimu.

Dada_Mhamiaji

Kabla ya mpira, angalia pasi yake. Kaka, muulize leo hii: visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, iliyogongwa kwenye pasi inaisha lini?

Huku ndani anaweza kukaa hata visa ikiwa imeisha, ili mradi I-20 yake (karatasi ya chuo ya kuthibitisha ni mwanafunzi) ipo hai na anasoma. Akitoka nje ndipo lazima awe na visa nyingine ya kurudia. Na tangu lile tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025, Tanzania ipo kwenye nchi zilizowekewa vizuizi, visa za wanafunzi zikiwemo. Kama visa yake imeisha au inaisha kiangazi hiki, asitie mguu kwenye ndege. Najua mama analia. Atalia zaidi akiwa naye sebuleni Mbagala mwezi wa tisa wakati wenzake wameanza mazoezi.

Na hiyo elfu 80. Ni kweli tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, lakini aliye kwenye visa ya mwanafunzi hana ruhusa ya kufanya kazi anavyotaka. Wamarekani wenzake wanasaini mikataba ya matangazo kwa simu wakiwa bwenini, yeye akisaini kichwakichwa anahatarisha visa. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake ndiyo aiulize kabla hajapokea hata dola moja. Siyo wakala wa WhatsApp.

Kaka_wa_Mbagala

Dada ubarikiwe. Nimempigia sasa hivi. Visa inaisha tarehe 9 Agosti. Amenyamaza sana kwenye simu nilipomweleza.

Muzungumuti_Lshi

Bandugu jambo. Miye niko mutu wa Lubumbashi, Kiswahili yetu munaijua, musinicheke.

Oscar Tshiebwe ni mutoto wa kwetu. Alianza West Virginia, akatoka katikati ya musimu, akaenda Kentucky, na 2022 wakamuchagua muchezaji bora wa vyuo yote, ribaundi 15 kila mechi. Sasa kila kijana anasema: unaona, alihama akafanikiwa. Hapana! Kule West Virginia alikuwa anaanza mechi tangu mwaka ya kwanza. Alihama akiwa na kazi yake mukononi. Huyu ndugu yenu atahama na nini?

Na dada amesema kweli juu ya visa. Oscar naye alikuwa na hiyo visa ya wanafunzi. Timu ilipoenda kucheza Bahamas 2022, huko njo alifanya mambo yake ya matangazo, sababu iko inje ya Amerika.

Benchi_Siyo_Kaburi

Mimi napingana na nyie wote. Nilikaa benchi miaka mitatu kwa sababu ya ushauri kama huu, "vumilia, jifue, zamu yako itafika." Haikufika. Kila kiangazi kocha alileta mtu mpya wa namba yangu, na kila kiangazi mimi ndiye niliyekuwa nampokea uwanja wa ndege na kumwonyesha bweni. Kocha asiyekuambia kama utacheza, ameshakuambia. Dogo ana miaka miwili tu imebaki. Ahame, hata kama ni kushuka Divisheni ya Pili, akacheze dakika 25 ajulikane.

Kocha_Upanga

Salaam wote. Nafundisha vijana hapa Dar miaka mingi, wawili watatu wamefika huko. Kaka wa Mbagala, nitumie video inbox, mechi moja nzima, siyo zile za sekunde 30 za kudanki.

Wakati nasubiri, fanyeni hesabu hii. Faulo 2 kwa dakika 7. Mechi ni dakika 40. Kwa kasi hiyo mechi nzima angefanya faulo 11, na ya tano tu unatoka. Yaani angetolewa mara mbili kwenye mechi moja na bado ana akiba. Hakuna kocha wa chuo chochote, cha juu wala cha chini, atakayempa dakika 25 mtu wa namna hiyo, kwa sababu hawezi kuzimaliza. @Benchi_Siyo_Kaburi nakuelewa, lakini huko Divisheni ya Pili atahamia na faulo zake.

Kaka_wa_Mbagala

Kocha nimekutumia, ya mwezi wa pili, waliyofungwa kwa 14.

Kocha_Upanga

Nimeangalia mara mbili. Kacheza dakika 9 kwa vipande vitatu. Nitasema nilichokiona.

Kijana anakimbia vizuri, na hilo halifundishwi. Anarudi kulinda kabla ya wenzake wafupi wa nje. Mikono mirefu, ana moyo.

Sasa ubaya. Faulo zake tatu nimezirudia moja moja. Hata moja haikuwa ya ubabe. Zote amefika amechelewa nusu hatua, halafu anashusha mkono kutafuta mpira. Anachelewa kwa sababu anamwangalia mtu wake tu, mpira hauoni mpaka unapomfikia usoni. Mtu akipenya kutoka pembeni, yeye anashtuka kama kaamshwa. Hiyo siyo nguvu wala kilo, ni macho. Akae na video ya timu, asimamishe kila anapoona mtu anapenya, ajiulize miguu yangu ilipaswa kuwa wapi sekunde moja kabla. Na akifika, mikono juu, kifua kipokee. Mwamuzi hapigi filimbi kwa kifua kilichosimama wima.

Skrini. Mara sita kaenda kuweka, mara tano kaondoka kabla beki hajamgusa. Ana haraka ya kukimbilia goli apewe pasi. Mwenzake mwenye mpira anabaki pale na beki kwenye shati. Asimame, miguu ipanuke kuliko mabega, ahesabu moja kimoyomoyo, asikie mtu amemgonga, ndipo ageuke. Kocha wake hakumwambia hivyo kumkomoa. Senta asiyeweka skrini anawaharibia wanne wengine.

Na kitu kidogo kimoja kimeniuma. Dakika ya 13 kipindi cha kwanza kapata ribaundi safi kabisa chini ya goli la wapinzani, kisha kaushusha mpira mpaka kiunoni kabla ya kupanda tena. Kijana mmoja wa futi 6 tu kaupokonya. Una futi 6 na inchi 9, mpira unaupeleka kwa wafupi wa nini? Ubaki juu ya kidevu, viwiko nje, unapanda.

Mitupo huru: kiwiko kinatoka nje, mpira unazunguka kiubavu. Hapo kiangazi kimoja kinatosha. Atupe 200 kila siku, lakini siyo 200 mfululizo kwa raha zake. Akimbie uwanja kwenda na kurudi, atupe miwili, akimbie tena. Kwenye mechi hakuna mtupo unaopigwa ukiwa umepumzika.

Sita_Nane_Texas

Kocha umemaliza. Niongeze la kiangazi chenyewe, maana watu wanadhani wanafundishwa kutwa. Kanuni inaruhusu wiki 8, na kila wiki saa 8 tu za mazoezi ya lazima, na kati ya hizo saa 4 tu ndizo kocha anaweza kumfundisha mpira. Zilizobaki ni vyuma na mbio. Kwa hiyo tofauti inatokana na anayejifungulia jimu mwenyewe saa nne usiku. Sisi tulikuwa na Msenegali mmoja, alimpa mlinzi wa usiku zawadi ya kanzu ili asimsumbue.

Chakula pia. Kilo 98 kwa futi 6 na inchi 9 ni mwembamba. Kilo nne tano za kweli mpaka Oktoba zinatosha, asijaze tumbo kwa baga. Mtaalamu wa vyuma wa timu yupo pale bure, amfuate.

Benchi_Siyo_Kaburi

Sawa kocha, nimekubali la faulo. Swali langu halijajibiwa: nani anaondoka na nani anakuja? Kama wameleta masenta wawili, hata awe na macho kumi atakaa tu. Kaka, fungua orodha ya timu kwenye tovuti yao, angalia wa mwaka wa nne.

Kaka_wa_Mbagala

Nimeangalia na dogo kwenye simu. Senta aliyekuwa anaanza ni mwaka wa nne, amemaliza. Aliyefuata kaingia potali juzi. Wamemleta mmoja kutoka Ulaya, futi 7, na kijana wa sekondari ambaye bado mwembamba kuliko dogo. Kocha mkuu mkataba wake una miaka mitatu.

Benchi_Siyo_Kaburi

Basi hapo nimenyamaza. Wawili mbele yake wametoka, na anajiandaa kuwapisha wageni? Abaki.

Mama_Wawili_Arusha

Na mama yake? Mmemsahau. Hasheem Thabeet alitoka Makongo, akakaa UConn misimu mitatu, 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA (timu zinapochagua wachezaji wapya), kila mtu anasimulia. Mama yake alihesabu miezi. Mtafutieni bibi wa watu simu yenye picha nzuri, mumwekee bando, dogo ampigie kila Jumapili baada ya kanisa. Na dogo aambiwe aende mwenyewe kumwambia mama kwamba haji, siyo kaka mtu atumwe.

Kaka_wa_Mbagala

Mrejesho wakuu. Yule wakala aliulizwa jina la kocha, akasema atarudi, hajarudi, na picha yake ya WhatsApp haionekani tena.

Dogo kaenda kwa kocha wake msaidizi jana, kamwuliza wazi: nikishusha faulo mpaka moja kwa dakika 10, nitacheza? Kajibiwa, "Utakuwa wa kwanza kuingia baada ya yule wa Ulaya. Yeye naye anafanya faulo." Dogo kacheka, mara ya kwanza mwezi huu. Anabaki. Mama kaambiwa jana usiku na yeye mwenyewe, kakaa kimya kidogo, kisha kauliza kama huko kiangazi kuna baridi.

Kocha, anauliza akutumie video ya mazoezi kila baada ya muda gani?

Kocha_Upanga

Kila Jumamosi, dakika 10 zinatosha. Na asiweke simu nyuma ya goli, aiweke pembeni ya uwanja, nataka kuona miguu.