Nyumba ya pili au hisa? Nimebakiza miaka minane nistaafu

MwenyeDaftari:
Wakuu, naombeni mawazo. Nina miaka 52, nastaafu nikifika 60. Nina nyumba moja ya kupangisha na akiba inayotosha malipo ya mwanzo ya nyumba ya pili; iliyobaki ingekuwa mkopo wa miaka 15. Mke wangu anataka tununue hisa. Mimi hisa zilishaniuma: nilinunua za kampuni moja kwa maneno ya mfanyakazi mwenzangu, ikaacha kutoa gawio, yaani mgao wa faida, nikauza kwa nusu ya bei.

Sasa daftari langu ndilo limenitia shaka. Pango la mwaka ni kama asilimia 6 ya thamani ya nyumba. Safi. Lakini mwaka jana miezi miwili ilipita bila mpangaji, dalali akala mmoja, paa na mabomba vikala miwili. Nimebaki na pango la miezi 7, yaani asilimia 3.5, na serikali bado haijachukua chake. Simu ya bomba ilipigwa saa nane usiku.

BibiFunguo:
Mdogo wangu, daftari lako limemsahau mtu mmoja: wewe mwenyewe. Sasa unapanda darini kuona fundi kafanya nini. Mimi nina miaka 67. Goti lilipokataa, nikaanza kumlipa msimamizi sehemu ya kumi ya pango. Na nilipotaka pesa ya upasuaji, sikuweza kuuza chumba kimoja. Nyumba huuzwa nzima, na mnunuzi akishanusa kwamba una haraka, anakukaba. Ilichukua miezi mitano.

Ila sikatai, zilizobaki zinanilisha, na vitu vikipanda bei, pango nalo hupanda. Halafu hakuna anayenisomea bei ya nyumba yangu kila jioni. Ningesomewa, pengine ningekuwa nimeuza kwa woga zamani.

MtuWaVipande:
Kaka, usilihukumu soko zima kwa kampuni moja. Uliumwa na ushauri wa mwenzako. Mfuko wa pamoja, yaani watu wengi mnachanga pesa na kila mmoja anamiliki vipande vyake, unaofuata soko zima na wenye ada ndogo, unakupa mamia ya kampuni kwa mpigo.

Nisikufiche, nao huanguka. Kwa kipimo cha S&P 500, kinachofuata kampuni kubwa kama 500, hisa za Marekani zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009. Kijana alingoja tu. Aliyestaafu wakati ule akawa anauza vipande kwa bei ya kutupa ili ale, na soko liliporudi kwenye kilele chake mwaka 2013, vile alivyouza havikuwa vyake tena. Japani ndiyo kabisa: Nikkei, kipimo cha soko lao la hisa, ilifika kileleni mwishoni mwa 1989, ikakivuka kilele hicho 2024. Kwa hiyo usiweke vyote nchi moja, na ukikaribia 60, matumizi ya miaka miwili mitatu yatoe kwenye hisa, yakae kwenye amana au hatifungani za muda mfupi, yaani unaikopesha serikali au kampuni nayo inakulipa riba.

Na kabla hujazikimbilia nyumba: msukosuko ule wa Marekani ulianzia kwenye mikopo ya nyumba.

Kikokotoo:
Mbona mkopo hamuugusi? 52 na 15 ni 67. Miaka saba ya marejesho bila mshahara! Tuseme riba ni asilimia 8, nyumba inakuletea 3.5. Hiyo tofauti lazima ifidiwe na bei ya nyumba kupanda, kila mwaka, ndipo usile hasara. Riba ikiwa ya kubadilika, mimi simo.

MwenyeDaftari:
Hiyo 67 sikuwa nimeijumlisha. Aibu, maana kazini kwangu mimi ndiye mtu wa hesabu. Basi mkopo nauacha. Nyumba ya kwanza inabaki, akiba itaingia kwenye mfuko kidogo kidogo kila mwezi, mke wangu atashika nywila ili nisiwe nachungulia.

Bibi, huyo msimamizi ulimpataje?

BibiFunguo:
Alikuwa mpangaji wangu. Miaka sita analipa tarehe mosi, hajawahi kukumbushwa.