Yule msimamizi wa kituo chetu ameniuliza kura yangu mbele ya mtaa mzima

Mama wa Temeke:
Ndugu wanajukwaa, nimetoka kupiga kura sasa hivi na mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Yule msimamizi wa kituo, ambaye kila mkazi wa mtaa huu anamfahamu kwa kuwa hakuna shughuli inayofanyika bila yeye kushika kipaza sauti, amenisimamisha mbele ya mawakala wa vyama vyote na kuniuliza kwa sauti ya mnadi wa mitumba pale Karume: "Haya mama, unamtaka nani? Sema nikuwekee alama ya vema." Nadhani hata abiria wa pantoni walimsikia.

Mimi sioni, lakini nukta nundu nimezisoma tangu Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, na kile kifaa cha kuwekea karatasi ya kura, ambacho unakipapasa kwa kidole mpaka umfikie mgombea wako, kilikuwepo. Kilikuwa mezani, chini ya chupa yake ya maji baridi. Nilipokidai nikapewa kikiwa kimelowa, na kabla sijakifungua akakichukua tena akisema ninachelewesha foleni. Binti wa kaka yangu, niliyekuja naye anisaidie ndani ya kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri, aliamriwa asubiri nje. Halafu: "Unamtaka nani?" Mbele ya mawakala! Mtu mmoja kwenye foleni akanijibia kwa kutaja jina la mgombea, watu wakacheka, na msimamizi akacheka nao. Nilikataa kutamka neno hadi wakala mmoja alipomwombea binti yetu aingie.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 29 kwamba kura yetu ni ya siri na kwamba anayehitaji msaada atasaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Yeye sikumchagua. "Unamtaka nani?" Swali hilo hata mume wangu hajawahi kuniuliza!

Baba Zawadi:
Dada, pole, lakini umeandika kana kwamba umenyang'anywa nyumba. Kura imeingia sandukuni. Kelele zote hizi ni za nini?

Mama wa Temeke:
Wewe uliingia kituturini na kutoka bila kuulizwa lolote. Mimi nimeulizwa mbele ya watu ninaonunua kwao mboga.

Msusi wa Tandika:
Huyo msimamizi ninamfahamu vizuri. Ndiye aliyemshika mkono babu yangu na kumwekea vema, na hadi leo babu hajui kura yake ilikwenda kwa nani.

Magurudumu:
Nyinyi angalau mliingia kwa heshima. Darasa tulilopigia kura sisi lina ngazi na halina njia ya kiti cha magurudumu. Nilibebwa na vijana wa bodaboda, na kituturi kilikuwa juu ya meza iliyonifika kidevuni.

Kiziwi wa Ilala:
Kiti chako kinaonekana na watu wanakibeba. Sisi hatukuwa na mkalimani wa lugha ya alama, na karani mwongozaji alipoona simjibu alizidi kufungua mdomo.

Magurudumu:
Kwa hiyo ngazi si tatizo? Fungua uzi wako.

Kiziwi wa Ilala:
Niliufungua tangu wakati wa kampeni, kuhusu mikutano isiyo na mkalimani, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuchangia.