Halmashauri za Uingereza zinaamuaje leseni ya minikabu na leseni ya mgahawa?

Mpiga_Honi aliuliza:

Wakuu, habari za uzima. Naomba msaada wa wanaoujua mfumo wa leseni hapa England, nje ya London. Kwenye nyumba yetu kuna maombi mawili, yote ya halmashauri moja.

La kwanza ni langu, leseni ya udereva wa minikabu (gari la kukodi linaloagizwa mapema). Mwaka 2023 nilikamatwa na simu mkononi nikiendesha, nikalipa faini ya paundi 200 na kuwekewa alama 6 za adhabu kwenye leseni yangu ya udereva. Mahakamani sikwenda. Sasa nimeletewa barua kwamba ombi langu litasikilizwa na kamati ndogo ya madiwani. Wanaangalia nini hasa, na niende na nini?

La pili ni la mke wangu. Anataka kufungua mgahawa wa nyama choma na pilau, auze na bia, Ijumaa na Jumamosi afunge saa 7 usiku. Ameambiwa anahitaji leseni ya jengo. Bado hajatuma chochote. Je, naye ataitwa mbele ya madiwani hao hao?

---

Fundi_Leseni alijibu:

Mkuu, usiyaweke hayo maombi kapu moja, maana sheria inayatazama kwa namna mbili zinazopingana.

Kwenye minikabu, kifungu cha 51 cha sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1976 kinaizuia halmashauri kukupa leseni mpaka iridhike kwamba wewe ni mtu mwadilifu na unayefaa. Kazi ya kuwaridhisha ni yako. Wakibaki na shaka, shaka hiyo inakuumiza wewe. Kwenye mgahawa ni kinyume: chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, kama ombi limekamilika na hakuna aliyelipinga ndani ya muda, halmashauri haina hiari, inatoa. Kwa hiyo mkeo huenda asiione kamati kabisa. Wewe umeshaitwa, tuanze na lako.

Swali ambalo madiwani wanajiuliza limo kwenye miongozo ya serikali kuu ya Julai 2020: kwa taarifa zilizo mbele yetu, tungemruhusu mtu tunayempenda asafiri peke yake na dereva huyu, saa yoyote ya mchana au usiku? Miongozo inasema wazi kwamba hata wakiwa nusu kwa nusu, leseni isitolewe.

Miongozo hiyo ina jedwali la miaka ya kusubiri. Ukatili dhidi ya mtu ni miaka 10 tangu kumaliza adhabu. Kuuza dawa za kulevya pia 10, kukutwa nazo kwa matumizi yako 5. Wizi na udanganyifu 7, kuendesha ukiwa umelewa 7. Makosa ya ngono, unyonyaji wa watu na yaliyosababisha kifo, hupewi kabisa. Simu mkononi ni miaka 5 tangu kutiwa hatiani au kumaliza adhabu au marufuku ya kuendesha, lolote litakalokuwa la mwisho.

Hapo ndipo pana nafasi yako. Ulilipa faini ya papo kwa papo, na hiyo kisheria si kutiwa hatiani na mahakama. Lakini usiende ukiwa umelibeba hilo peke yake. Ingia kwenye tovuti ya halmashauri yako, pakua sera yao ya teksi na minikabu, usome sehemu ya makosa ya barabarani neno kwa neno. Halmashauri nyingi zimeandika kwamba faini na alama vitahesabiwa sawa na hukumu. Kama yako imeandika hivyo, jenga hoja kwenye jambo lingine: sera ni mwongozo tu, nao wanalazimika kumpima kila mwombaji kwa hali yake. Wanaweza kutoka nje ya sera, ila ni lazima uwape sababu ya kufanya hivyo.

Sababu zenye uzito ni hizi. Rekodi ya DVLA (wakala wa leseni za udereva) inayoonyesha hakuna kosa jingine kabla wala baada. Cheti cha mafunzo ya udereva uliyoyafanya kwa hiari yako. Barua ya mwajiri anayekujua kazini, na barua hiyo lazima iseme kwamba mwandishi anajua kuhusu kosa la simu. Barua ya kumsifu mtu isiyotaja kosa, madiwani huiweka pembeni, kwa kuwa hawajui kama mwandishi angesema hivyo hivyo angelijua.

Kabla ya kikao utaletewa taarifa ya afisa leseni. Isome yote. Ikiwa tarehe ya kosa au maelezo yamekosewa, andika barua pepe kuyasahihisha kabla ya siku yenyewe. Siku ya kikao afisa anasoma taarifa, madiwani wanakuuliza maswali, unapewa nafasi ya mwisho ya kusema, kisha mnatoka nje wajadiliane, na mshauri wao wa sheria akiwepo. Swali ambalo halikosekani ni "ilikuwaje?" Jibu kwa sentensi mbili tatu, usilaumu polisi wala foleni. Mtu anayepunguza kosa lake mbele ya kamati anawapa shaka ile ile ya nusu kwa nusu.

---

Mlezi_Midlands alijibu:

Naongezea kuhusu nyaraka, kwa sababu hapa maombi ya watu wetu hukwama hata kabla ya kufika kwa madiwani.

Kama una hati ya DBS (ukaguzi wa rekodi ya jinai) kutoka kazi ya kulea wazee, haitumiki. Ile imeombwa kwa kundi la wafanyakazi wa watu wazima. Ya minikabu inaombwa kwa kundi la "Other Workforce" (wafanyakazi wengine), kiwango cha juu, na inapekua orodha zote mbili za waliozuiwa kufanya kazi na watu, ya watoto na ya watu wazima. Ikitoka, una siku 30 tu za kujiunga na huduma ya kusasisha hati hiyo mtandaoni. Zikipita, unalipia hati nyingine upya, kwa sababu halmashauri zinataka kuiangalia rekodi yako kila baada ya miezi 6.

Majina: taja yote uliyowahi kuyatumia. Pasipoti ya nyumbani ina majina matatu, leseni ya DVLA ina mawili, benki imeyageuza mpangilio. Kila tofauti ni barua ya maswali. Anwani za miaka 5 zifuatane bila pengo hata la mwezi mmoja.

Kama tangu ufikishe miaka 18 umeishi nje ya Uingereza miezi 3 mfululizo au zaidi, utadaiwa hati ya tabia njema ya nchi hiyo. Aliyetoka Tanzania akapitia Oman kufanya kazi atahitaji mbili. Ya Kenya inaombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ya Tanzania inatolewa na polisi kwa alama za vidole. Anza mapema, hizi ndizo zinazochelewesha kuliko zote.

Na miaka uliyoendesha nyumbani haihesabiki. Sheria inataka miezi 12 ya leseni kamili ya hapa, na leseni ya Tanzania haibadilishwi, unafanya mtihani upya.

---

Mpiga_Honi:

Nawashukuru sana. Maswali mawili. Naweza kuwaeleza kwamba nina watoto wanne na kodi ya nyumba inanikaba? Na wakinikataa, si naomba tu halmashauri ya jirani?

---

Fundi_Leseni:

La watoto, kaka, liache nyumbani. Mahakama Kuu iliamua kwenye kesi ya Leeds mwaka 2002 kwamba hali ya dereva na familia yake haihusiki, isipokuwa pale inapoeleza mwenendo wake. Leseni ipo kwa ajili ya usalama wa abiria. Najua inauma, kwani hiyo ndiyo riziki yenyewe, lakini dakika unazozitumia kwenye kodi ya nyumba unazitoa kwenye rekodi yako ya udereva.

La jirani: tangu Aprili 2023 kila halmashauri ya England ni lazima iingize kukataliwa, kufutwa na kusimamishwa kwa leseni kunakohusu usalama kwenye rejista ya taifa, NR3S, na ni lazima iipekue kabla ya kuamua ombi jipya. Jina linakaa humo miaka 11. Kuomba kwingine hukukatazwa, ila fomu itakuuliza kama umewahi kukataliwa. Jibu kweli. Kudanganya kwenye fomu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 57 cha ile sheria ya 1976, na hata kama hawakushtaki, uongo huo pekee unatosha kukukosesha leseni ambayo kosa la simu lisingekukosesha.

Wakikataa, una siku 21 tangu kupewa taarifa ya uamuzi kukata rufaa mahakama ya mahakimu. Usisubiri siku ya 20. Na ufikirie gharama: ukishindwa unaweza kulipishwa za halmashauri, ukishinda si lazima urudishiwe zako, kwa sababu tangu kesi ya Bradford mwaka 2000 halmashauri iliyoamua kwa nia njema na kwa busara kwa kawaida haiamriwi kulipa.

---

Mama_Jiko alijibu:

Sasa la mgahawa, maana naona limeachwa.

Shemeji, mwambie dada hivi. Leseni ya jengo inahitajika kwa mambo mawili hapa: bia, na chakula cha moto kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Muziki wa kawaida hadi saa 5 usiku, kwa wateja wasiozidi 500 kwenye jengo lenye leseni ya kunywea hapo hapo, hauhitaji ruhusa ya ziada. Saa za fomu ni za mtindo wa 24. Akitaka kufunga saa 7 usiku anaandika 01:00. Mtu akiandika 07:00 kwa mazoea ameomba mpaka asubuhi, na polisi watapinga siku hiyo hiyo.

Vinavyotumwa: fomu, ramani ya jengo, ridhaa ya msimamizi wa mauzo ya pombe, uthibitisho wa haki ya kufanya kazi, na ada. Msimamizi ni lazima awe na leseni binafsi ya pombe, kozi ya siku moja na mtihani, kisha paundi 37 kwa halmashauri. Ada ya jengo inafuata thamani ya jengo, kwa paundi, inayotumika kukadiria kodi ya biashara: hadi 4,300 ni paundi 100, kutoka 4,301 hadi 33,000 ni 190, kutoka 33,001 hadi 87,000 ni 315. Kila mwaka kuna nyingine, kwa madaraja hayo 70, 180 na 295. Asipolipa ya mwaka, leseni inasimamishwa.

Ramani isomeke vizuri na ionyeshe milango ya kutokea, ngazi, vyoo, jiko, vizima moto, na eneo hasa la kuuzia pombe. Kama bustani ya nyuma haimo ndani ya mstari, bia haiuzwi kule.

Sasa tangazo, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Siku inayofuata baada ya ombi kupokelewa, karatasi ya A4 ya bluu iliyopauka, maandishi meusi ya ukubwa wa 16 au zaidi, ibandikwe dirishani mahali mpita njia anaisoma bila kuingia. Ikae siku 28 mfululizo. Gazeti la eneo litoe tangazo mara moja ndani ya siku 10 za kazi. Afisa leseni hupita kukagua. Karatasi nyeupe, au imefunikwa na pazia, siku 28 zinaanza kuhesabiwa upya. Apige picha yenye tarehe kila wiki.

Katika siku hizo 28 jirani yeyote, polisi, afya ya mazingira, zimamoto na wengine wanaweza kupinga, lakini pingamizi lazima liguse moja ya malengo manne: kuzuia uhalifu na vurugu, usalama wa umma, kuzuia kero, na kuwalinda watoto. "Mtaa umeshajaa migahawa" halihesabiki peke yake, isipokuwa halmashauri imetangaza eneo hilo kuwa limeelemewa. Ushindani wa biashara hauhesabiki kabisa.

Ushauri wangu mkubwa: kabla ya kutuma, ampigie afisa wa leseni wa polisi na wa afya ya mazingira, awaulize wangetaka masharti gani, kisha ayaandike mwenyewe kwenye fomu. Kwa kawaida ni kamera zinazohifadhi picha siku 31, kumwomba kitambulisho kila anayeonekana chini ya miaka 25, daftari la waliokataliwa kuuziwa, na milango kufungwa baada ya saa 5 usiku ili sauti isitoke. Kwa nyama choma, moshi ni kero. Aeleze jiko linatumia nini na bomba la moshi linatokea wapi, kabla jirani hajaeleza yeye.

Likipingwa na wasikubaliane, kikao ni ndani ya siku 20 za kazi baada ya zile 28 kuisha. Ni kamati ndogo ya madiwani watatu, wanaweza kuwa wale wale wako. Hapo hawaulizi kama dada ni mtu mwema. Wanauliza jengo hili, saa hizi, litaleta tatizo gani, na sharti gani linalitibu. Akitoa saa moja, yaani kufunga 00:00, mara nyingi pingamizi la jirani huondolewa kabla ya kikao.

Ruhusa ya mipango miji ni jambo jingine kabisa. Leseni ya 01:00 haimsaidii kama ruhusa ya jengo inasema lifungwe 23:00.

---

Mpiga_Honi:

Dada, umemaliza kila kitu. Moja tu la mwisho: siku ya ufunguzi ikifika kabla ya leseni?

---

Mama_Jiko:

Atumie taarifa ya shughuli ya muda. Paundi 21, watu wasiozidi 499 kwa wakati mmoja wakiwemo wahudumu, na si zaidi ya saa 168. Asiye na leseni binafsi anaruhusiwa taarifa 5 kwa mwaka. Wanaoweza kupinga ni polisi na afya ya mazingira peke yao, majirani hawana nafasi. Itumwe siku 10 za kazi kabla, na katika kuhesabu usiingize siku iliyopokelewa, siku ya shughuli yenyewe, mwisho wa wiki wala sikukuu. Kwa ufunguzi wa Jumamosi, iwe imewafikia Ijumaa ya wiki mbili na siku moja nyuma. Ikifika Jumatatu inaingia kwenye taarifa za kuchelewa, na hizo polisi akipinga hakuna kikao, shughuli imekufa.